Reli ya Lamu: umeme utarudi kwa njia gani?

Friza ya shemeji yangu pale Mokowe ilianza kutekenya. Sina neno jingine. Ukiishika na viatu mguuni, husikii kitu. Ukiishika pekupeku, sakafu ikiwa ndiyo imetoka kupigwa deki, vidole vinakufa ganzi na mkono unaruka wenyewe. Watoto waliufanya mchezo, nani atashika muda mrefu zaidi. Shemeji akabandika karatasi mlangoni mwa friza: USIGUSE, ITISHA. Biashara ikaendelea.

Fundi alipokuja hakuitazama friza. Alizunguka nyuma ya duka, akaufuata waya mmoja mwembamba wa kijani hadi ulipofungwa kwenye bomba la maji, akacheka. Siku duka lilipotiwa umeme bomba lile lilikuwa la chuma. Chumvi ikalila, likabadilishwa la plastiki, na aliyelibadilisha alikuwa fundi wa maji, hana habari na waya. Tangu siku hiyo duka zima halikuwa na ethi, ile njia ya kuushusha ardhini umeme uliovuja. Taa zikawaka, feni zikazunguka, redio ikaimba, hakuna kilichoonyesha kwamba kuna kitu kimekatika.

"Mzee," fundi akamwambia shemeji, "umeme kila mtu auliza unatoka wapi. Hapana anayeuliza unarudi wapi."

Maneno hayo nimekuwa nikitembea nayo. Kila baraza la hapa mjini likifika kwenye habari ya reli, na hufika, hasa baada ya kikombe cha pili cha kahawa, mabishano huwa matatu: pesa zitatoka wapi, mzigo utatoka wapi, na nguvu ya kuvuta treni itatoka kwenye dizeli au kwenye nyaya. Yote ni maswali ya kutoka. La kurudi sijalisikia hata mara moja.

Tukumbushane kwa ufupi. Tarehe 2 Machi 2012 Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir na Waziri Mkuu Meles Zenawi walikuja hapa Lamu kuzindua LAPSSET, mradi wa bandari, barabara, reli na bomba la mafuta wa kuunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia. Gati la kwanza la bandari, pale Kililana, lilianza kazi Mei 2021. Reli ya kwenda Isiolo imebaki kwenye ramani. Wakati huo majirani hawakukaa. Ethiopia na Djibouti zinaendesha treni za umeme za biashara tangu Januari 2018, njia ya kilomita 750 hivi. Tanzania ilianza 2024, Dar es Salaam hadi Morogoro mwezi wa Juni, na Dodoma ikafikiwa mwezi uliofuata. SGR yetu ya Mombasa na Nairobi, ya mwaka 2017, bado inakunywa dizeli.

Mimi niko upande wa wanaosema reli ya Lamu, ikijengwa, iwe ya umeme. Makala haya si ya kuipinga. Ninachodai ni kwamba waya wa juu, ule ambao kila mtu ataogopa na kila mtoto ataonywa, ndio sehemu ya reli ya umeme ambayo italindwa vizuri bila sisi kusema neno. Hatari inayomgusa jirani inapita chini, kwenye njia ya kurudia, na sehemu ya njia hiyo ni ardhi yetu wenyewe, pamoja na kila chuma tulichokizika au kukisimamisha juu yake.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Reli za Ethiopia na Tanzania zinatumia umeme wa volti 25,000, mkondo geu kama huu wa majumbani. Treni inayohitaji megawati 5 kwa volti hizo inavuta amperi 200, amperi ikiwa kipimo cha wingi wa mkondo. Kwa volti 750, zile zinazotumiwa na treni za mjini Addis Ababa, nguvu hiyo hiyo ingehitaji amperi zaidi ya 6,600, na waya mnene kama mkono wa nahodha. Ndiyo maana reli za masafa marefu hupenda volti nyingi: mkondo unapungua, nyaya zinakuwa nyembamba, vituo vya kupozea umeme vinakaa mbalimbali.

Lakini zile amperi 200 zilizoshuka kwenye treni kupitia mkono wake wa juu lazima zirudi kituoni zilikotoka, zote, bila kupungua hata moja. Zinapitia magurudumu hadi kwenye reli zenyewe. Chuma kile unachokiona kimelala juu ya mataruma kina kazi mbili, kubeba gari moshi na kuwa waya wa kurudia. Na kimelala juu ya kokoto, kokoto juu ya udongo, mvua inanyesha, mafuta na vumbi la breki vinajaa. Reli haiwezi kutengwa na ardhi kabisa. Kwa hiyo baadhi ya mkondo huiacha njia yake, ukaingia ardhini, ukatafuta njia ya mkato kuelekea kituoni. Ukikutana na bomba la chuma, unalipanda kama mtu aliyepata lifti. Ukikutana na ua wa seng'enge, hivyo hivyo. Huteremka panapoufaa wenyewe.

Hapo ndipo volti ndogo huzaliwa mahali ambapo hakuna aliyezitarajia. Reli inayorudisha mkondo haiko sawa na ardhi ya pembeni. Kuna tofauti ya volti kati ya chuma na udongo, na mtu anayesimama kwenye udongo huku mkono wake uko kwenye chuma anaiziba tofauti hiyo kwa mwili wake. Kanuni ya Ulaya inayotumika sana katika jambo hili, EN 50122-1, inasema kwa mkondo geu tofauti ambayo mtu anaweza kuigusa kwa muda mrefu isipite volti 60, na ndani ya karakana isipite 25. Ikiwa ni hitilafu, waya wa juu umekatika na kuangukia reli kwa mfano, volti zinaruhusiwa kupanda zaidi kwa sharti kwamba swichi za kituoni zikate haraka, kwa sehemu ya sekunde. Usalama wote umejengwa juu ya sharti hilo. Swichi haina macho, inaona mkondo tu. Njia ya kurudia ikiwa nzuri, mkondo wa hitilafu unakuwa mkubwa, swichi inaona, inakata. Njia ikiwa mbovu, mkondo unakuwa mdogo, swichi inadhani ni treni tu imeongeza mwendo, na ule waya unabaki chini ukiwa hai.

Ndiyo friza ya shemeji, ila yenye volti 25,000.

Dawa yake inajulikana na wala si siri ya wahandisi. Kila chuma kilicho karibu na njia, nguzo, daraja, paa la jukwaa, ua, kibao, huunganishwa na reli kwa waya, ili vyote vipande na kushuka pamoja na asiwepo mtu wa kusimama katikati ya viwili visivyolingana. Kanuni ile ile huhesabu mita 4 kutoka katikati ya njia kama eneo ambalo waya uliokatika unaweza kuangukia. Chuma chochote humo ndani kinahesabiwa kama ndugu wa reli.

Sasa toka nje ya mita 4, njoo kwetu.

Umeme una tabia nyingine ambayo haihitaji kuguswa. Mkondo geu unaopita kwenye waya mmoja huamsha volti kwenye waya mwingine uliolala sambamba nao, hata kama katikati pana shamba zima la mikorosho. Transfoma hufanya kazi kwa tabia hiyo. Reli ya umeme na ua mrefu wa seng'enge ni transfoma mbaya ambayo hakuna aliyekusudia kuijenga. Nimepiga hesabu kwa fomyula za kawaida: reli yenye amperi 200, kebo au bomba lililolala sambamba umbali wa mita 100 kwa kilomita 10, udongo wa wastani, ohmu-mita 100 (kipimo cha jinsi udongo unavyoukatalia umeme). Zinatoka karibu volti 280 kutoka ncha hadi ncha, kabla ya kuhesabu reli zenyewe ambazo huzipunguza kiasi cha nusu hivi. Hiyo ni treni moja. Zikipandana mbili kwenye kipande kimoja, zidisha.

LAPSSET ilichorwa hivi: barabara, reli na bomba la mafuta vinapita pamoja katika ushoroba mmoja wenye upana wa mita 500, na ndani yake patakuwa na nyaya za umeme na kebo za mawasiliano. Kwa mpimaji wa ardhi ni busara, fidia moja, ramani moja. Kwa mtu wa umeme ni kuwalaza wagomvi kitanda kimoja kutoka Hindi, mji wetu huu wa bara ya Lamu, hadi Isiolo. Bomba la chuma sambamba na reli ya mkondo geu kwa mamia ya kilomita ndiyo hali ambayo vitabu vya fani hii huitolea onyo. Na bomba zuri ndilo baya zaidi, jambo ambalo lilinichukua muda kulielewa. Mabomba ya siku hizi huvikwa ngozi ya plastiki imara ili yasioze. Ngozi ikiwa kamili, volti zilizoamshwa hazina pa kuvujia, zinajilimbikiza. Fundi anayefungua kisanduku cha kupimia kilomita 40 kutoka kituo chochote anaweza kukutana nazo zote mkononi. Marekani mafundi wa mabomba wamewekewa kikomo cha volti 15 kwa sababu hiyo. Na ngozi ikitoboka mahali padogo, mkondo wote hutokea kwenye kitobo hicho, chuma kikaliwa hapo hapo.

Ua wa seng'enge una hadithi yake. Ushoroba huu unakata njia za mifugo za Waorma na Wasomali, na ng'ombe kwa umeme ni dhaifu kuliko sisi. Miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana mita moja na nusu hivi, kwa hiyo anaposimama karibu na mahali mkondo unapoingia ardhini, tofauti ya volti kati ya kwato na kwato ni kubwa kuliko kati ya nyayo zako mbili, na njia ya mkondo mwilini mwake inapita moyoni. Punda ni hivyo hivyo. Mchungaji ataona mnyama anakataa kunywa kwenye birika la chuma lililo karibu na ua, atasema maji yana ladha mbaya, ataita daktari wa mifugo. Ataletwa kila mtu isipokuwa mtu mwenye mita ya volti.

Kuna njia za kupunguza haya tangu mwanzo. Uingereza, ilipotia umeme njia zake kuu miaka ya 1960, iliweka transfoma ndogo kila baada ya kilomita tatu hivi za kuunyonya mkondo kutoka kwenye reli na kuupandisha kwenye waya wake maalumu juu ya nguzo, ili simu za vijijini zisivume. Mpangilio mpya zaidi hupeleka volti 25,000 kwenye waya wa treni na volti 25,000 nyingine za kinyume kwenye waya wa pili kwenye nguzo zile zile, na transfoma za kusawazisha kila kilomita 10 hadi 15. Nyaya mbili zenye mikondo ya kinyume, zikiwa karibu, hufutana kwa yule anayezisikiliza kwa mbali. Mkondo mwingi hurudi juu badala ya chini. Ni ghali zaidi kidogo, na kwenye zabuni ndiyo sehemu ambayo mtu wa fedha asiyejua kitu huikata kwanza, kwa sababu treni hutembea vile vile bila yake.

Lakini kinga iliyo rahisi kuliko zote ni umbali. Kulisogeza bomba mita 200 zaidi kutoka kwenye reli, leo, ni kufuta mstari na kuchora mwingine. Kulisogeza baada ya kuzikwa haiwezekani. Kwa hiyo wanaoniambia kwamba ninazungumza mapema mno, reli yenyewe haijapata hata mfadhili, nawajibu kwamba ushoroba haujawasubiri. Barabara inajengwa, viwanja vinagawanywa, mawe ya mipaka yanawekwa. Kila kinachowekwa sasa kinaamua reli itakuwa jirani wa nani.

Turudi kwenye udongo, maana hapa Lamu una vituko vyake.

Karibu na bandari, kwenye mikoko ya Kililana na ng'ambo yake, ardhi ni tope la chumvi linalopokea maji mara mbili kwa siku. Umeme hulipenda. Fimbo ya shaba ikipigwa pale inashika ardhi vizuri sana, na mkandarasi atapima siku ya makabidhiano, atapata namba safi, atapigiwa makofi. Chumvi ile ile itaila klipu inayoshika waya kwenye fimbo. Baada ya misimu michache namba ya siku ya makabidhiano iko kwenye faili na klipu imekuwa unga wa kijani. Ondoka pwani kidogo, panda kuelekea Garissa, udongo unakuwa mchanga mkavu. Huko fimbo hiyo hiyo haishiki kitu mwishoni mwa kiangazi, na kwa kuwa mkondo haupati pa kurudia karibu, unapita chini sana na mbali sana, na volti zinazoamshwa kwenye mabomba na nyua zinafika mbali zaidi. Yaani kipande kimoja cha reli, kilomita mia chache, kina magonjwa mawili yaliyo kinyume. Atakayepima udongo wa Lamu mwezi wa Mei, masika yakiwa yamemwagika, na kuandika namba hiyo kwenye mchoro kama namba ya mwaka mzima, atakuwa amepima kitu kisichokuwepo Februari.

Na kuna vile vikombe vya kaure au mpira vinavyoushikilia waya wa juu kwenye nguzo. Sisi wa pwani tunajua kaskazi inavyofanya kioo cha dirisha: miezi mitatu ya upepo mkavu wenye chumvi na vumbi, huoni nje. Kikombe nacho hupakwa hivyo hivyo. Kikavu hakina shida. Mvua kubwa hukiosha. Balaa ni umande wa alfajiri au manyunyu ya kwanza, yanayoilowesha chumvi bila kuiosha, na ghafla kikombe kinapitisha moto juu ya ngozi yake, kishindo, cheche, njia nzima inakatika. Dawa ni vikombe virefu zaidi vyenye mbavu nyingi na kuviosha kabla ya msimu. Line ya kilovolti 220 inayotuletea umeme kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen imekuwa ikipita katika hewa hii kwa miaka kadhaa sasa. Kumbukumbu zake za kukatika, mwezi kwa mwezi, zingemfundisha mhandisi wa reli mengi kuliko kitabu chochote kilichoandikwa kwenye nchi ya theluji.

Hitilafu ya namna hii angalau hupiga kelele. Mwaka 2024, safari za Dodoma zikiwa changa, treni ya Tanzania ilisimama njiani kwa kukosa umeme, na Shirika la Reli likaeleza kuwa ngedere na bundi waliigusa miundombinu. Watu walicheka wiki nzima mitandaoni. Mimi niliona ni habari njema. Kitu kilikwenda kombo, swichi ikakata, abiria wakakaa gizani wakiwa wazima, kesho yake nchi nzima ikajua.

Waya wa ethi ukiibiwa hakuna anayecheka, kwa sababu hakuna anayejua. Treni inapita, taa zinawaka. Na utaibiwa. Tarehe 11 Januari 2022 Kenya nzima iliingia gizani baada ya minara ya line ya Kiambere na Embakasi kuanguka, vyuma vyake vikiwa vimenyofolewa, na siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa muda. Mnara ukiangushwa, taifa linasikia. Waya wa shaba wa mita mbili unaounganisha nguzo na reli, nje ya Hindi, ukikatwa usiku, bei yake kwa kilo ndiyo habari pekee. Nguzo inabaki imesimama na kila kitu chake, imepungukiwa na kitu kimoja tu, haina tena undugu na reli. Siku kikombe chake kitakapopasuka, nguzo yenyewe itakuwa na umeme, na anayeegemea pale atakuwa mchungaji aliyetafuta kivuli.

Kuna majibu mawili ya kweli hapa, na marufuku ya vyuma chakavu si mojawapo. La kwanza, waya huo usiwe wa shaba. Chuma kilichopakwa zinki au aluminiamu hubeba mkondo vya kutosha kikiongezwa unene, na hakina soko la maana. La pili, kila nguzo iwe na waya miwili, na mtu wa kuipima kwa ratiba, na daftari la vipimo ambalo mzee wa mtaa anaweza kulifungua. Bila daftari nguzo 10,000 ni nguzo 10,000 za imani.

Kuhusu treni za mkondo mnyoofu, usiogeuka, kama ule wa betri, mfano zile za Addis Ababa mjini, zilizoanza 2015, nitasema moja tu kwa sababu mara kwa mara namsikia mtu wa Malindi au Mombasa akiota kuwa na tramu ufukweni. Mkondo mnyoofu unaovujia ardhini unakula chuma kama tindikali. Amperi moja tu, ikitoka kwenye bomba kuingia udongoni kwa mwaka mzima, huondoka na kilo 9 za chuma. Ndiyo sababu reli hizo hutengwa na ardhi kwa makusudi, kinyume kabisa na reli za mkondo geu ambazo hufungwa nayo. Anayechukua michoro ya moja akaipeleka kwa nyingine anajenga ajali.

Muingiliano na vyombo vinavyosikiliza ni sura nyingine, na ni ya zamani kuliko tunavyodhani. Mwanzoni mwa karne iliyopita tramu za umeme za London zilivuruga vipimo vya sumaku ya dunia vilivyokuwa vikifanywa Kew, hata kazi hiyo ikahamishiwa kijijini Eskdalemuir, Uskoti, ambako kituo kipya kilifunguliwa 1908. Wanasayansi ndio waliohama. Tramu ilibaki. Naukumbuka mfano huo nikiwaza Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ambako kituo cha anga cha Waitaliano kilirusha setilaiti iliyoitwa Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, ya kwanza duniani kutumwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei ya nyota. Antena za pale husikiliza minong'ono. Reli ya Lamu ingekuwa mbali nazo mno kuzidhuru, ila kanuni inabaki: mkono wa treni ukiachana na waya hata nukta moja unatoa cheche, na kila cheche ni redio inayopiga kelele kwenye masafa yote. Ulaya hupima kelele hizo mita 10 kutoka katikati ya njia. Wenye redio za polisi, za uwanja wa ndege wa Manda na za meli zinazoingia bandarini wangetaka kuyaona matokeo hayo kabla ya treni ya kwanza, na wana haki.

Kelele zinazotisha zaidi ni zile zinazoingia kwenye ishara za reli yenyewe. Mitambo mingi hutambua treni kwa kupitisha mkondo mdogo kwenye reli. Treni ikiingia, magurudumu yanauziba, taa inakuwa nyekundu. Sasa reli hiyo hiyo imebeba mamia ya amperi ya kurudi, na injini za kisasa huukatakata umeme kwa kasi na kuacha vipande vya masafa ya kila aina. Kipande kimoja kikiangukia masafa ya mtambo wa ishara, mtambo unaweza kudhani njia iko tupu. Reli nyingi mpya zimehamia kwenye kuhesabu ekseli, vyuma vinavyobeba magurudumu, badala yake, na nazo zina sensa ambayo inaweza kudanganywa. Kwa hiyo injini mpya haipaswi kuguswa na njia mpaka ipimwe pamoja na ishara za njia hiyo. Kununua injini kwa mkopo mmoja na ishara kwa mkopo mwingine, kutoka nchi mbili, kila mmoja na cheti chake kizuri, hakutoi jibu la swali hili.

Nani basi atashika haya yote? Reli ina wakala wake, line za umeme zina wake, bomba lina wake, simu zina makampuni. Kila mmoja atapima cha kwake. Volti zinazoamshwa na mmoja kwenye chuma cha mwingine hazimo kwenye daftari la yeyote, na ua wa mkulima wa Hindi haumo hata kwenye mazungumzo. Ningetaka mkataba wa reli useme wazi kwamba anayeamsha volti ndiye anayezilipia: akague kila ua, bomba na paa la mabati ndani ya umbali utakaokubaliwa, aziunganishe kwa gharama yake, arudi kupima kila mwaka, kiangazi na masika. Hatuombi hisani. Lamu imeshajifunza njia ya mahakama. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi walioathiriwa na bandari walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na mwaka uliofuata leseni ya mtambo wa makaa ya mawe ikafutwa kwa sababu, pamoja na mengine, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Vipimo vya udongo na ramani ya umbali kati ya reli na bomba ni sehemu ya kushirikishwa huko, kwa lugha tunayoisoma.

Shemeji alipigiwa fimbo mpya ya ethi nyuma ya duka, futi sita, saa moja kazi ikaisha. Akauliza kama sasa anaweza kuibandua ile karatasi. Fundi akamwambia aiache kwanza, akamwonyesha mahali waya ulipofungwa, akamtaka apapite kila Ijumaa akitoka msikitini, auvute kidogo kwa mkono aone kama bado umeshika.